Pikipiki iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa: nianzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, nimerithi pikipiki ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ambayo haijawashwa kwa takriban miaka 6, na petroli iliachwa ndani ya tangi. Je, nifunge betri mpya na kuiwasha, au kuna mambo yanayopaswa kutangulia?

Jibu la kwanza: Tafadhali usiiwashe bado. Petroli iliyokaa muda huo huacha utando mzito unaoziba jeti za kabureta, yaani vitundu vidogo vya kupitishia petroli, kwa hiyo imwage yote, kagua kutu ndani ya tangi, kisha ifungue kabureta na kuisafisha mpaka uone mwanga ukipenya katika kila tundu. Halafu toa plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda na uiache usiku kucha, ndipo uizungushe injini taratibu kwa mkono. Ikigoma usiilazimishe, kwa kuwa huenda ringi za pistoni zimeshikwa na kutu.

Jibu la pili: Nakubaliana, ila oili ya injini nayo ibadilishwe kabla ya kuwasha.

Jibu la tatu: Mimi nina wasiwasi zaidi na breki na matairi, maana injini ikikataa utabaki salama ulipo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, hivyo yabadilishwe yote. Matairi hukakamaa na kupasuka hata kama hayajalika. Ili kujua umri wa tairi, tazama tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwake, ambapo 2318, kwa mfano, ina maana lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018.