Tuisheni zinazosomesha ulinganishi wa Kiingereza kwa kubahatisha: vijana wetu wanapotezewa pesa na alama

Assalaam aleykum ndugu zangu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya sekondari hapa Wete, na vijana niliowahi kuwasomesha wananiletea kijitabu cha fotokopi walichouziwa na kituo kimoja cha tuisheni cha Mjini Unguja. Sikitaji jina, kwa sababu ninachokitaka ni kazi irekebishwe. Kijitabu hicho kinadai kuwatayarisha kwa maswali ya kusahihisha sentensi katika mitihani ya kimataifa, na sura yake ya ulinganishi imejaa makosa ambayo wenyewe wamekwisha kuelezwa na bado wanaendelea kuyauza.

Tazameni swali moja tu. Sentensi inasema: "The clove harvest of Pemba is larger than Unguja." Mtahiniwa anatakiwa aamue kama sehemu ya mwisho iachwe ilivyo au ibadilishwe. Ukurasa wa majibu unasema iachwe. Haiwezi kuachwa, kwa sababu inalinganisha mavuno na kisiwa. Kinachotakiwa ni "than that of Unguja", yaani mavuno kwa mavuno. Kijana aliyechagua jibu hilo sahihi alitiwa kosa kwa kalamu nyekundu, na alipouliza akajibiwa kwamba maneno hayo mawili yanarefusha sentensi bila ya faida, na kwamba katika mitihani hii jibu fupi ndilo salama.

Nani aliyewaambia hivyo? Anayetunga swali la ulinganishi anajua fika kwamba msomaji atakimbilia jibu fupi, na hapo hapo ndipo anapomwekea mtego. Ufupi unafaa pale tu majibu mawili yanapokuwa yote sahihi kisarufi na kimantiki. Kabla ya hapo kuna suali moja la kujiuliza: ni kitu gani kimewekwa kwenye mizani, na cha upande wa pili ni cha jinsi ile ile? Asiyemfundisha mwanafunzi suali hilo hajamfundisha ulinganishi, hata akimkaririsha orodha nzima ya maneno.

Linaloniuma zaidi ni kwamba katika darasa hilo Kiswahili kimepigwa marufuku, wakati Kiswahili ndicho kingeliwafungua macho kwa dakika moja. Andika ubaoni: "Mavuno ya karafuu ya Pemba ni makubwa kuliko Unguja." Katika mazungumzo ya barazani tutaelewana. Lakini mtake mwanafunzi aiandike kwa ukamilifu, ataandika "kuliko ya Unguja", na ile "ya" inamrudisha moja kwa moja kwenye mavuno. Ukianza na "zao la karafuu", itageuka kuwa "kuliko la Unguja". Ngeli zetu zinalazimisha msemaji aonyeshe anazungumzia kitu gani. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo kinatumia "that of" kwa umoja na "those of" kwa wingi. Mtoto wa Kipemba ana silaha hii tangu hajaanza skuli, na mwalimu anamwambia aiache mlangoni.

Swali jengine linasema kwamba Unguja ni kubwa kuliko kisiwa chochote cha Zanzibar. Kijitabu kinasema ni sahihi kwa kuwa "jambo lenyewe ni la kweli". Kweli Unguja ndiyo kubwa, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600 na Pemba haifiki 1,000. Lakini Unguja nayo ni kisiwa cha Zanzibar, kwa hiyo sentensi hiyo inadai kwamba Unguja ni kubwa kuliko Unguja. Ni lazima iwe "kisiwa chengine chochote", na kwa Kiingereza "any other island". Swali halikuuliza jiografia, liliuliza kama sentensi inasema kile inachokusudia kusema.

Kuna na lile la utata, ambalo kijitabu kimelipa mistari miwili tu: "Asha anaipenda Pemba kuliko Salma." Je, Asha anaipenda Pemba zaidi ya anavyompenda Salma, au mapenzi yake kwa Pemba yanayashinda yale aliyonayo Salma kwa Pemba? Kwa Kiingereza utata huu huondolewa kwa kitenzi kisaidizi, "than Salma does", au kwa kurejea kiwakilishi na kitenzi, "than she loves Salma". Hapa tena mwanafunzi ameambiwa achague jibu fupi.

Na fungu la "like" na "as" limeandikwa kana kwamba ni suala la masikio: soma kwa sauti, lile linalosikika vizuri ndilo. Linasikika vizuri kwa nani? Kijana wa Konde au Mkoani ambaye Kiingereza anakikuta darasani ana haki ya kupewa kanuni. Katika mitihani hii "like" hutangulia nomino inayofananishwa na nomino, na "as" hutangulia kishazi chenye kitenzi chake. Vile vile, sentensi inapoanza kwa "Tofauti na Unguja", kinachofuata mara baada ya mkato lazima kiwe Pemba, wala si vilima vya Pemba, kwa kuwa kisiwa hakilinganishwi na vilima. Kanuni hizo hazijai ukurasa mmoja. Kwa nini hazimo?

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliita dhuluma bila ya kuuma maneno. Kituo hicho hicho kinawatoza ada watu wazima wanaojiandaa kwa GMAT, yaani mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara, wengi wao waajiriwa wanaotafuta shahada ya pili, na kinawauzia sura hii hii ya kusahihisha sentensi. Maswali hayo hayamo tena kwenye GMAT. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024, na sehemu ya lugha sasa ina maswali 23 ya ufahamu na uchambuzi wa hoja, kwa dakika 45. Mtu anavuka bahari kutoka Pemba, analipa nauli ya boti na malazi, akasomeshwe kitu ambacho hataulizwa!

Wanaofanya TOEFL ITP, mtihani wa kupima Kiingereza cha wale ambao si lugha yao ya kwanza, wao kweli bado wanakutana na sarufi. Sehemu ya muundo na maandishi ina maswali 40 kwa dakika 25, yaani hata sekunde 40 hazifiki kwa swali moja. Katika muda huo hakuna nafasi ya kusikiliza sentensi ipi ni tamu. Aliyezoeshwa kutafuta pande mbili za ulinganishi ataliona kosa mara moja, na aliyezoeshwa kubahatisha atabahatisha hadi mwisho.

Nilikiandikia kituo kwa heshima, nikaeleza swali kwa swali. Nilijibiwa kwamba kijitabu kimetumika miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Basi leo nalalamika hadharani, na nataka mambo matatu: ukurasa wa majibu wa sura ya ulinganishi uandikwe upya pamoja na sababu ya kila jibu, wanafunzi waliotiwa makosa yasiyo yao wasahihishiwe upya, na wale wa GMAT warejeshewe ada ya masomo hayo kabla ya darasa jipya kufunguliwa. Mwenye kijitabu chenye swali la mavuno ya karafuu aangalie ukurasa wa majibu, kisha aandike hapa chini amekuta nini na alinunua lini.