Nimeibiwa pleti namba ya nyuma nikiwa Kisumu, gari ni la Tanzania, narudije Mwanza?

MamaWawili_Igoma
Habari za asubuhi ndugu zangu, naombeni msaada wa haraka maana hapa nimechanganyikiwa. Sisi ni wakazi wa Mwanza, tulikuja Kisumu na Noah yetu mimi, mume wangu na watoto wawili kwenye harusi ya wifi yangu na leo ndo tulikuwa tunarudi. Alfajiri saa kumi na mbili natoka na kitambaa nifute vioo, nafika nyuma pleti namba haipo, imebaki skrubu moja inaning'inia na pale ilipokuwa pana mstatili msafi kabisa, pembeni kote vumbi la safari. Ya mbele ipo. Mlinzi wa gesti anasema hajasikia chochote na simlaumu, usiku mvua ilipiga bati mpaka asubuhi.

Mume wangu anasema tuandike namba kwenye boksi kwa maka peni tubandike kioo cha nyuma tuondoke, watoto wana shule Jumatatu. Moyo wangu unakataa. Kibali cha muda tulichopewa mpakani kina namba ya gari, bima nayo hivyohivyo, tukisimamishwa njiani tutajielezaje nchi ya watu? Nianzie wapi?

Janam_Kisumu
Pole sana dada. Usitoe hiyo gari hapo kabla hujaenda polisi. Enda station iliyo karibu na hiyo gesti, uwaambie unataka kuripoti namba pleti imeibiwa, wataandika kwa OB, ile kitabu ya polisi ya matukio, na wakupatie namba ya OB, hiyo ndiyo ya maana sana. Halafu uitishe abstrakti ya polisi, hiyo ndiyo karatasi utaonyesha kila roadbloki mpaka boda. Beba kadi ya gari, pasipoti na kile kibali cha forodha. Mwambie afisa aandike chesisi namba pia, ile imechongwa kwa bodi ya gari, si namba ya gari peke yake. Na piga picha hapo nyuma kabla mtu hajagusa.

Msukuma_Halisi
Mnamtisha bure dada wa watu. Shemeji yuko sahihi, andika kwenye karatasi washa gari, kuna watu wanatembea na namba ya karatasi miezi.

Baba_Neema_Musoma
Mkuu hapo juu samahani ila hilo usimshauri mtu, mimi limenikuta. Mwaka juzi waliniibia pleti ya mbele nikiwa nimepaki sokoni, nikasema ni kibati tu nitachonga nyingine nikipata nafasi, nikakaa kama miezi miwili hivi sijaripoti popote. Siku moja naangalia deni la trafiki kwenye simu nakuta faini tatu, elfu 30 kila moja, zote za mikoa ambayo gari langu halijawahi kukanyaga. Kumbe kuna mtu anatembea na namba yangu. Faini nilizilipa maana sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba pleti iliibiwa lini, lakini kilichoninyima usingizi sio hiyo elfu 90, ni kuwaza je angegonga mtu akakimbia? Je angebebea vitu vya wizi? Watakaofuatwa nyumbani ni sisi ambao kadi ina jina letu. Kwa hiyo dada yangu ile karatasi ya polisi sio ya kukuvusha mpakani tu, inasema kuanzia saa fulani tarehe fulani pleti ile haikuwa mikononi mwako. Kila saa unayochelewa ni saa ambayo huna utetezi. Mwambie shemeji avumilie, watoto wakikosa shule siku moja si kitu.

MamaWawili_Igoma
Asanteni, tunajiandaa kwenda kituoni. Jamani kuna jambo jingine, mlinzi ameokota kikaratasi chini ya waipa kimelowa, kina namba ya simu tu. Mume wangu anataka apige.

Janam_Kisumu
Hao ndio wezi wenyewe. Utatumiwa ujumbe utume pesa kwa M-Pesa ndio wakuonyeshe wameificha wapi, na ukituma wanaweza itisha ingine. Msipige. Hicho kikaratasi kiweke kwa bahasha umpatie polisi, ni ushahidi huo.

Kijana_wa_Sirari
Dada nafanya kazi za forodha hapa mpakani. Siku hizi ukitoka Kenya husimami Isebania upande wa Kenya, unakuja moja kwa moja Sirari upande wa Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Ukifika usikae kimya ukisubiri waone wenyewe, nenda dirishani na abstrakti mkononi uwaeleze kabla hawajakuuliza. Watataka kuhakiki kwamba gari lililoingia ndilo linalotoka, kwa hiyo watasoma chesisi walinganishe na kibali na kadi. Kibali kisiishe muda mkiwa bado ndani ya Kenya, angalia tarehe sasa hivi. Hicho kiboksi mnaweza kukiweka kioo cha nyuma, ila baada ya kuripoti, na muwaambie polisi wa huko kwamba ndivyo mtakavyosafiri.

Ukifika Mwanza chukua loss report (ripoti ya kupotelewa) polisi, kisha nenda TRA, mamlaka ya mapato, na kadi orijino pamoja na ile pleti iliyobaki, utapewa kontrol namba (namba ya malipo) ulipie. Usichonge mtaani. Na bima wajulishe.

Fundi_Mabatini
Noah yako vioo vimechongwa namba? Kama vimechongwa waonyeshe, inasaidia sana. Pleti mpya ikija usifunge skrubu, piga riveti, mwizi hana muda wa kutoboa riveti usiku.

MamaWawili_Igoma
Ndugu zangu tumevuka, naandika tuko Tarime tunakula. Kituoni tulikaa kama saa mbili na nusu, afisa aliyetuandikia alikuwa mama mmoja mtaratibu sana, akaandika chesisi na ile namba ya kwenye kikaratasi. Tulisimamishwa mara tatu kabla ya mpaka, mara zote nikatoa abstrakti, ya pili askari akazunguka akaangalia vioo, vimechongwa kweli, akakuta namba ni ileile ya mbele akaturuhusu. Sirari wakafungua boneti, wakapangusa vumbi wakasoma chesisi namba moja moja huku mwenzake anafuata kwenye kibali.

Mume wangu amesoma ujumbe wa Baba Neema mara mbili njiani, akaniambia Jumatatu TRA anakwenda mwenyewe. Fundi, uko Mabatini sehemu gani tukuletee upige hizo riveti?

Fundi_Mabatini
Nimekutumia inboksi dada. Karibuni, hiyo sitawatoza.