Wajukuu wa Bibi (kundi la familia): safari ya maporomoko ya Sanje, milima ya Udzungwa

*Ijumaa jioni*

Mama Asha: Assalaam aleikum wote. Tumeingia Mikumi salama, watoto hoi. Shangazi, shikamoo. Tuendelee usiku huu huu au tulale?

Shangazi Mang'ula: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Laleni hapo hapo. Mje asubuhi na mapema, chai mtaikuta mezani.

Mjomba Salum: Sasa mkishakuwa Mikumi si muingie tu mbugani mwone tembo na twiga mmekaa kwenye gari? Kuwapandisha watoto mlima ni kuwatesa bure.

Shangazi Mang'ula: Kaka, Mikumi nzuri, sikatai. Lakini huku kwetu gari halina pa kupita. Hifadhi nzima ya Udzungwa, kilomita za mraba 1,990, ndani hamna barabara ya magari. Unachokiona umekifuata kwa miguu yako. Waache waje.

Baba Asha: Shikamoo shangazi. Njia yenyewe ikoje? Niambie ukweli, goti langu unalijua.

Shangazi Mang'ula: Marahaba baba. Ukweli ni kwamba inapanda. Mnaanzia Sanje, kama kilomita 10 kutoka makao makuu ya hifadhi hapa Mang'ula. Mwanzoni utaiona ya kawaida, watu wanapiga soga. Ukishaingia msituni inasimama wima. Kuna mahali mizizi ya miti ndiyo ngazi yako. Asubuhi udongo una umande, unateleza. Beba fimbo, na ukitaka kushika mti tazama kwanza unashika nini, mingine ina miiba, mingine ina siafu. Mkienda taratibu, kupanda na kushuka ni kama saa nne. Wengi wanaogopa kupanda, ila goti lako litalalamika wakati wa kushuka.

Shangazi Mang'ula: Na watoto wavae viatu vya kufunga. Sitaki kuona kandambili.

Juma SUA: Shikamooni. Getini hawapokei pesa taslimu, jiandaeni mapema. Na vitambulisho vya NIDA msisahau, Mtanzania ana bei yake.

Mama Asha: Asante mdogo wangu. Asha anauliza ataona wanyama gani.

Juma SUA: Mwambie aangalie juu na chini. Juu kuna mbega wekundu, hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Udzungwa na misitu michache ya jirani. Chini kuna kima aitwaye mangabe wa Sanje, huyo ni wa milima hii peke yake. Wasomi hawakumjua mpaka 1979. Watafiti wawili, Homewood na Rodgers, walisikia mlio wasioujua msituni, mwongozaji wao mwenyeji akawaambia huyo mbona tunamfahamu. Baadaye wakaonyeshwa mmoja mchanga aliyekuwa akifugwa hapo hapo kijijini Sanje.

Shangazi Mang'ula: Wazee wetu walikuwa wanamwona kila msimu kwenye mashamba yao. Hawakuulizwa tu.

*Jumamosi*

Baba Asha: Tumelipa, tumepewa mwongozaji, kijana wa hapa hapa. Tunaanza.

Mjomba Salum: Mungu awatangulie. Asha ashikwe mkono.

Baba Asha: Mjomba, Asha yuko mbele na mwongozaji. Mimi ndiye wa mwisho.

Mama Asha: [picha] Jamani mbega hao! Kundi zima, karibu na njia. Huyu mkubwa kichwa chekundu kama aliyepaka hina, mgongo mweusi, kifua cheupe. Ametukalia juu kabisa anakula majani machanga, hana habari nasi. Asha kaomba darubini ya mwongozaji, katazama muda mrefu, halafu akauliza: mama, mbona hana dole gumba?

Juma SUA: Mwambie yuko sahihi kabisa! Mbega wana vidole vinne mkononi, dole gumba limebaki kinundu tu. Vile vinne wanavitumia kama ndoano, wanajining'iniza na kuruka. Mtoto ana jicho huyu. Watu wazima wengi wanapita hawaoni.

Mjomba Salum: Vidole vinne tu? Na hawaanguki?

Mama Asha: Hawaanguki mjomba. Mama mmoja karuka na mtoto tumboni kutoka mti hadi mti, tawi likazama mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua ameshakaa anakula.

Shangazi Mang'ula: Msiwatupie chochote. Biskuti, ndizi, hata ganda. Wakizoea wanashuka vijijini na huko wanaishia pabaya.

Baba Asha: Sawa shangazi, mwongozaji naye katuonya. Sasa hapa ndipo ulipopasema. Njia imesimama. Tunashika mizizi. Tunapumzika kila kona.

Shangazi Mang'ula: Pumzika, hakuna anayekukimbiza. Ukisimama ndipo unaposikia msitu.

Mama Asha: Kweli shangazi. Tuliposimama tukasikia kitu kinavuma juu, nikadhani upepo. Kumbe ni mabawa ya hondohondo, wawili, wamepita juu ya miti. Sijawahi kusikia ndege anaruka kwa kishindo hivyo.

*(kimya kirefu, mtandao haupo)*

Mjomba Salum: Jamani vipi huko? Mbona kimya?

Shangazi Mang'ula: Usihofu kaka, bondeni mtandao unakatika. Ukipanda unarudi.

Baba Asha: [picha] [picha] TUMEFIKA. Mjomba tazama hii. Maporomoko yote mita 170, yanashuka kwa hatua tatu, na tumesimama ubavuni mwake. Ukigeuka nyuma unaona bonde lote la Kilombero: miwa, mpunga, reli ya TAZARA inapita katikati. Mawingu yanapisha jua, mashamba yanabadilika rangi ukiwa umesimama hapo hapo.

Mjomba Salum: Mashallah. Hiyo nyeupe ni maji yote?

Baba Asha: Yote. Tunaongea kwa kupaza sauti. Watoto wameoga kwenye dimbwi, maji baridi ajabu.

Shangazi Mang'ula: Maji hayo ndiyo yanashuka kwenye mashamba huku. Mlima huu ukiachwa bila miti, bonde lote hilo mnalopiga picha litalia.

Mama Asha: Shangazi, nilipokuwa nakuja likizo nilikuwa naona akina mama wanatoka msituni na kuni kichwani. Leo sijamwona hata mmoja.

Shangazi Mang'ula: Hujamwona kwa sababu hairuhusiwi. Zamani tulikuwa na siku yetu moja kwa wiki, tunaingia kuokota kuni kavu. Ilifungwa 2011. Sitaki kukuficha, tulihangaika. Mama asiye na shamba la kupanda miti alinunua kuni kwa hela ya chumvi. Wengine tukapanda miti mipakani mwa viwanja, tukajenga majiko banifu, wenye uwezo wakanunua gesi. Naupenda msitu ule, nimezaliwa chini yake. Ndiyo maana nasema kila siku: ukitaka mlima ubaki, mtazame pia mama anayepika chini ya mlima. Nunueni mchele na ndizi hapa kijijini, na mwongozaji mpeni chochote mkononi.

Mama Asha: Tumekuelewa shangazi. Tutafanya hivyo.

Juma SUA: Na mangabe je? Mmewaona?

Mama Asha: Wakati wa kushuka! Walikuwa chini, wanachakura majani makavu kama kundi la watu wanaotafuta ufunguo. Tulikaa kimya wakatupita. Mwongozaji alimziba mdomo mdogo wake Asha kwa kiganja, taratibu tu.

Baba Asha: Goti limelalamika kama ulivyosema shangazi. Fimbo imeniokoa.

Mjomba Salum: Mimi kwa umri huu Sanje siwezi. Lakini mmenitia hamu.

Shangazi Mang'ula: Kaka, kuna njia fupi hapa hapa makao makuu, inakwenda kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, yule mume wa Malkia wa zamani Juliana wa Uholanzi, aliyefungua hifadhi 1992. Mwendo mdogo, na mbega wanapita humo humo.

Mjomba Salum: Hiyo naiweza. Baada ya mavuno nakuja. Nani ana nafasi kwenye gari?

Juma SUA: Mimi nitapitia Morogoro mjini, mjomba. Nafasi zipo mbili.

Mjomba Salum: Moja yangu. Nyingine ya mke wangu, kasha­anza kutafuta raba.