Mbeya hadi Cape Town na begi la mgongoni: Botswana niiruke au niingie?

Nyuki wa Mwanjelwa
Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita natoka Mbeya kwenda Cape Town kwa njia ya barabara, miezi mitatu, begi na hema mgongoni. Hesabu yangu ni shilingi elfu sitini kwa siku, kula, kulala na nauli humo humo. Kila ninayemuuliza ananiambia Botswana itanifilisi, eti usiku mmoja kwenye loji za Okavango ni bei ya pikipiki mpya. Nitoke Livingstone nipitie Sesheke hadi Katima Mulilo niingie Namibia moja kwa moja? Au kuna namna ya kuiona bila kuchoma bajeti ya mwezi mzima? Pasipoti ya Tanzania, gari sina.

Kamwene Ipogolo
Kamwene mkuu. Hiyo bei ya pikipiki ni kweli, ila ni ya loji za ndani ya delta, yaani pale mto Okavango unaposambaa na kuwa visiwa na mabwawa. Serikali ya Botswana iliamua zamani kwamba inataka watalii wachache wanaolipa sana, na loji nyingi za kule hazifikiki ila kwa ndege ndogo. Mgeni, soda, shuka safi, vyote vinapanda ndege. Wewe hizo zisahau.

Mjini Kasane na Maun maisha ni mengine. Hema lako unalipigia kambini kando ya mto, bafu na maji vipo. Asubuhi unakula magwinya, ambayo ni maandazi yetu tu yamebadilishwa jina, mchana ugali na seswaa, nyama ya kuchemshwa na chumvi kisha ikapondwapondwa. Ukipikia mwenyewe vitu vya dukani inashuka zaidi. Kinachomaliza pesa Botswana ni umbali na kukodi gari peke yako. Kwa hiyo siku saba, usiongeze, na ulipie kitu kimoja kikubwa.

Ningekuwa na hesabu yako ningechagua boti ya jioni kwenye mto Chobe pale Kasane. Unalipia kiti chako tu, na kiangazi wanyama wanashuka wenyewe kunywa maji. Kabla hujatoa hela uliza swali moja: kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei au hakimo? Mara nyingi hakimo, na ukishakaa kwenye boti huna tena ubishi.

Mokoro, yaani mtumbwi, wa Maun ni mzuri pia, ila hesabu yake ni ya kundi. Mtumbwi mmoja unabeba abiria wawili na mpiga pondo mmoja, na siku hizi ni wa fibaglasi, si gogo la kuchonga kama ile ya Matema, kwa sababu miti mikubwa ilikuwa inaisha. Bei ya mtumbwi wenyewe haitishi. Kinachouma ni gari au boti ya kukutoa Maun hadi wanakoanzia, na hiyo gharama ni ile ile mkiwa wawili au sita. Fika kambini mapema, zunguka kwenye mahema, tafuta wenzako watatu, ndipo uende kulipa. Ukienda peke yako utawalipia wasiokuwepo.

Muda wako ni mzuri. Mvua inanyesha milima ya Angola mwanzoni mwa mwaka, maji yanatambaa miezi kadhaa, yanajaza delta mwezi wa sita hadi wa nane wakati kwenyewe hakuna hata wingu. Ubaya wake ndio huo huo: ni msimu wa wageni, hivyo nafasi ya hema weka mapema.

Dereva wa Tunduma
Nyuki, mimi nakupa njia. Zambia, Botswana na Namibia Mtanzania haombi viza. Cheti cha homa ya manjano uwe nacho, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla hujavuka. Watu wanachanjwa Ijumaa, Jumatatu wako Nakonde, upande wa Zambia, wanabishana na afisa.

Pale Tunduma badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, na uhesabu mwenyewe, usimwachie mtu akuhesabie mkononi kwako. Kuna mchezo wa kukunja noti moja ihesabike mara mbili. Kwacha ziwe za toleo jipya la 2025. Pula, hela ya Botswana, usinunue barabarani. Chukua kwa kadi ya Visa kwenye ATM ya Kasane, mara moja kiasi kikubwa, maana benki yako inakata kila unapotoa.

Livingstone hadi Kazungula ni kama kilomita 70. Zamani ilikuwa pantoni, tangu Mei 2021 kuna daraja la mita 923 na mpaka wa kituo kimoja. Uwe na karatasi ya mahali utakapolala usiku wa kwanza, wanaiuliza. Ukishavuka, kombi hadi Kasane ni mwendo mfupi.

Pagumu ni Kasane kwenda Maun. Panda basi la alfajiri la Francistown, shuka Nata baada ya kilomita kama 300, hapo subiri basi linalotoka Francistown kwenda Maun, kilomita 300 nyingine. Ukikosa la alfajiri unafika Nata jioni, la Maun limepita, unalala usikopanga. Lifti za kulipia ni kawaida kule, dereva anategemea nauli sawa na basi, ila jua likizama usipande. Nchi ina tembo zaidi ya 130,000, na barabara hiyo haina uzio.

Kutoka Maun usielekee Ghanzi na Mamuno, usafiri wa umma kuvuka pale ni wa kubahatisha. Panda basi la Shakawe, vuka mpaka wa Mohembo. Upande wa Namibia barabara inapita hifadhini hadi Divundu na kutembea kwa miguu hairuhusiwi, kwa hiyo omba lifti pale pale kwenye muhuri kabla gari hazijaondoka. Divundu ukifika umeshika lami ya Windhoek.

Nyuki wa Mwanjelwa
Ndaga fijo wakuu. Basi naingia. Je, nikibeba nyama kavu, dagaa na maharage ya Mbozi nipunguze gharama?

Mama Kitulo
Nyama na maharage acha nyumbani mwanangu. Botswana wanauza nyama ya ng'ombe Ulaya, wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo kuliko wanavyomwogopa jambazi. Nchi imekatwa kwa uzio wa mifugo, na kwenye mageti yake wanakagua mabegi, wanachukua nyama mbichi na maziwa, na viatu vyako unavikanyagisha kwenye dawa. Na wanasema viatu vyote, pamoja na jozi iliyo kwenye begi, kwa hiyo iweke juu. Maharage makavu ni mbegu, utaanza kuulizwa kibali. Dagaa wamalizie Zambia.

Badala yake beba blanketi. Ukisikia jangwa usifikirie joto. Usiku wa Juni na Julai unakaribia sifuri, ni Makete kabisa ile ya kuamka na barafu kwenye majani. Mkeka wa sponji chini ni wa lazima, baridi inaingilia ardhini.

Chakula usilale nacho hemani, nyani na tumbili wanafungua zipu. Machungwa ndiyo mabaya kuliko yote: tembo anayanusa kutoka mbali, na haji kufungua zipu.