Eti tumemletea mahindi yaliyobunguliwa! Watu wa huku mnamjua, leo nimechoka

Fundi Mbao:
Wakuu hapa ninapoandika hata viatu sijavua. Mke wangu kaniuliza kikao kimeendaje nimeshindwa kumjibu, nimechukua simu nimekaa nje kwenye mbao zangu. Natoka kikao cha wazazi, matokeo ya mtihani wa utimilifu (mock) wa mkoa, kidato cha nne. Mkuu wa shule pale mnamjua, yule wa kaunda suti na kalamu tatu mfukoni, akicheka ujue kuna mtu kaumia. Jina sitaji, halihitajiki.

Tumeitwa saa mbili asubuhi yeye kaja saa nne na nusu, sawa. Tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu, sawa. Kaingia na karatasi ndefu kama mkeka wa msibani, akasema nikisoma namba ya mtoto wako simama. Akaanza kusoma waliopata ziro tu. Tunasimama mmoja mmoja mpaka darasa likawa kama msitu wa Sao Hill, yaani waliobaki wamekaa walikuwa hawaonekani. Tukishasimama wote, mbele ya walimu, mbele ya mtendaji, mbele ya mama anayepikia watoto uji, akasema: "Mnatuletea mahindi yaliyobunguliwa halafu mnatudai sembe?"

Mahindi yaliyobunguliwa. Mtoto niliyembeba mgongoni na degedege usiku wa manane.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja analea mjukuu, masikio mazito na kusoma hajui. Namba yake iliposomwa nikamgusa bega nikamwambia bibi ni wewe. Akasimama anatabasamu wakuu. Alidhani mjukuu kafaulu anaitwa apewe zawadi. Kanyoosha kanga yake vizuri, anatabasamu, yule mtu anasema mahindi yaliyobunguliwa, na bibi AKAPIGA MAKOFI.

Wangu ana pointi 34. D ya Kiswahili, sita zilizobaki F. Wanaojua hesabu za NECTA, Baraza la Mitihani, wanajua pointi zikiwa chache ndo vizuri: 34 ni ziro, D nyingine moja tu ingemshusha mpaka 33 akawa na divisheni foo. D moja. Mwalimu wa hesabu aliondoka wakiwa kidato cha pili na mpaka leo hajaja mwingine, kuna kijana wa kujitolea tunamchangia sisi wazazi, akipata kibarua kingine anapotea wiki mbili. Fizikia ya vitendo wanachorewa ubaoni, betri ya ubaoni, waya wa ubaoni, taa inawaka kwa chaki.

Lakini sijaja kubishana mambo ya walimu. Nimekuja kusema bibi alipiga makofi na hakuna mtu aliyemzuia, na mimi sikumzuia, na yule mtu alimwona akacheka. Alicheka. Novemba ndo hiyo inakuja watoto wanaingia kwenye pepa, na huyo ndiye wa kuwatia moyo?

Kiazi Mviringo:
Namjua hahahaa, kalamu tatu. Ya kwanza haiandiki, ya pili ya kupokelea michango

Mama Pili:
Nilikuwepo. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Wangu ana foo ya pointi 31 kwa hiyo sikusimama lakini nililia kwa ajili ya yule bibi. Anauza maandazi pale kona ya msikiti, mjukuu wake ndo anampelekea kuni kabla ya kwenda shule. Fundi hujadanganya hata neno moja.

Tajiri Mtarajiwa:
Pole mkuu ila tuambizane ukweli, F sita ni nyingi. Mtoto ana simu huyo. Na wewe muda wa kukagua daftari unao au uko na randa mpaka saa mbili usiku? Msituletee hasira za kikao hapa.

Fundi Mbao:
@Tajiri Mtarajiwa mtoto wangu hana simu, hii ninayoandikia ndo simu ya nyumba nzima. Na daftari nakagua, daftari la hesabu lina kurasa nne zimeandikwa tangu Januari, nikague nini, mistari? Halafu soma vizuri, nimesema bibi alipiga makofi.

Tajiri Mtarajiwa:
Sasa makofi ya bibi na F za mwanao vinahusiana nini

Mzawa wa 2012:
Mimi nilimaliza kidato cha nne 2012 acheni niongee. Matokeo yametoka Februari 2013, zaidi ya watu 240,000 ziro nchi nzima. Mtaani kwetu ilikuwa kama msiba, watu walifunga milango. Baba yangu aliniita mzigo mbele ya mafundi wake. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya, baada ya miezi michache mimi yule yule, pepa lile lile, nikatoka ziro nikawa na foo. Sijasoma ukurasa hata mmoja hapo katikati, nilikuwa nachunga mbuzi wa mjomba. Kwa hiyo mtu akiniambia mahindi yaliyobunguliwa namwangalia tu.

Kiazi Mviringo:
@Mzawa wa 2012 na hiyo foo ikakufikisha wapi

Mzawa wa 2012:
Veta, chuo cha ufundi, umeme. Wewe umefika wapi.

Chaki Nyeupe:
Mimi ni mwalimu, siyo wa hapo. Ile kauli haifai, nakubali, na kusimamisha wazazi ni aibu. Ila na sisi mtusikilize. Tangu 2016 ada ya 20,000 ilipofutwa watoto wameongezeka, jambo zuri, lakini mimi nina mkondo mmoja wa watoto 94 na mikondo mitatu. Nikitoa zoezi moja nasahihisha mpaka taa ya jirani inazimwa. Halafu matokeo yakitoka mkuu wa shule anaitwa wilayani anasimamishwa hivyo hivyo kama alivyowasimamisha nyie, anaulizwa ziro zako ngapi. Mimi mwenyewe nimesimama darasani mwaka wa tisa sijapandishwa daraja hata mara moja, wenzangu tuliomaliza wote chuo wako mbele, naambiwa faili halionekani. Faili!

Mama Pili:
Mwalimu pole lakini ungefungua uzi wako.

Chaki Nyeupe:
Nitaufungua. Ila faili limepotea mara mbili.

Binti Kiringo:
Nyie mnalia na shule ya kata, njooni huku shule binafsi kwenye ada ya milioni mbili. Mdogo wangu kapata wastani wa 58 kaambiwa haruhusiwi kufanyia mtihani pale, atafutiwe kituo kingine asije akawaharibia jina. Yaani ada wamekula miaka mitatu na nusu. NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora tangu 2023 tukadhani wataacha huo mchezo, wapi, shule zinajitangaza zenyewe kwenye mabango yao barabarani, watoto wanatabasamu na tai. Na sare za pale lazima ununue kwao, soksi tu jozi 12,000.

Kiazi Mviringo:
Soksi 12,000 zinatembea zenyewe?

Mzee wa Kijiweni:
Tatizo ni Kiingereza. Miaka saba mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili, anajua mmea unatengeneza chakula, anakueleza na jua na maji na kila kitu. Anafika kidato cha kwanza asubuhi moja anakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Angalieni huyo mtoto wa Fundi, D pekee aliyoipata ni ya nini? Kiswahili. Mnataka ushahidi gani.

Tajiri Mtarajiwa:
Mzee Kiswahili kapata D, siyo A. Angekuwa na A ningekuelewa.

Mzee wa Kijiweni:
D yake kaitafuta kwa nguvu zake, wewe unayoyaandika hapa hata alama ya kuuliza hujaweka.

Fundi Mbao:
Wakuu tusipotee. Nimepita pale kona ya msikiti sasa hivi. Bibi kaniita. Kaniuliza, mwanangu, zawadi zinatolewa lini, maana yule mwalimu hakusema siku. Nimesimama pale na maandazi mkononi sijui nimjibu nini. Nani anaweza kunisaidia niseme nini kwa yule bibi.

Mama Pili:
Yesu na Maria.

Mzawa wa 2012:
Mwambie mjukuu wake aje kwangu jioni, hesabu za namba na maumbo naziweza, na wako umlete. Bure. Niko karibu na mashine ya kusaga.

Fundi Mbao:
Mzawa nakuja inboksi. Kesho saa kumi na moja jioni?

Mzawa wa 2012:
Sawa ila wakitoka shule watafika saa ngapi? Hizo daladala za huko haziwachukui wanafunzi.

Binti Kiringo:
HAPO SASA. Jana kituoni konda kamsukuma mtoto wa kidato cha pili kabisa, anasema nauli ya mia mbili hainunui dizeli. Mtoto kaanguka na begi.

Konda Mstaafu:
Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja mnatuonea. Bosi anataka hesabu yake jioni, hajali nimebeba wanafunzi wangapi. Kiti cha mia mbili nikijaza wote nafika na nini mimi nyumbani?

Chaki Nyeupe:
Kwa hiyo mtoto afike darasani saa tatu, halafu wilayani waniulize mimi.

Konda Mstaafu:
Mwalimu wewe juzi ulinipa noti ya elfu kumi asubuhi saa kumi na mbili, nakukumbuka kwa ile miwani.

Chaki Nyeupe:
Siyo mimi. Na chenji yangu haikurudi yote.

Kiazi Mviringo:
Hahahaaa kajitaja

Binti Kiringo:
Mimi chenji yangu mia nne wiki iliyopita niliambiwa nishuke nayo kesho. Kesho gani, gari lenyewe lilibadilishwa ruti.

Konda Mstaafu:
Namba ya gari unaijua?