Intaneti ya redio kutoka Bweyale hadi senta ya kijijini, kilomita 11: nianze na nini?

SentaMpya

Wakubwa, salamu. Senta yetu iko wilaya ya Kiryandongo, kilomita 11 kutoka Bweyale ukiacha lami. Kuna shule mbili, kituo cha afya, kinu cha mahindi, maduka kama thelathini na mawakala wa mobile money. Mtandao wa simu tunao, ila ikigonga saa moja jioni hata picha ya WhatsApp haifunguki. Nataka kukodi laini ya intaneti Bweyale, niirushe kwa redio hadi hapa, kisha niuze kwa mwezi majumbani na kwa vocha pale senta. Umeme wa gridi haujatufikia. Mkononi nina shilingi milioni 15. Nianze na nini, na mlingoti uwe wa urefu gani? Kuna mtu ananiuzia wa mita 12 kwa bei nzuri.

FundiMlingoti

Huo wa mita 12 usiulipie kwanza. Urefu wa mlingoti unaamuliwa na kilichosimama katikati ya njia.

Haitoshi ncha mbili kuonana. Mawimbi yanahitaji nafasi wazi kuzunguka mstari wote, ndiyo huitwa eneo la Fresnel. Kwa kilomita 11 na masafa ya 5.8 GHz, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni karibu mita 12, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 7 na kidogo, lazima iwe wazi. Ongeza karibu mita 2 za mbinuko wa dunia. Hizo ni mita 9 juu ya kitu kirefu kuliko vyote pale katikati. Kama ardhi ni tambarare na kuna miti ya mita 15, mstari wako unatakiwa kupita mita 24 juu ya ardhi. Mita 30 Bweyale na 18 kwako, wastani ni 24, umepona. Kwa 12 na 12 hupati kitu hata ukinunua redio ya bei gani. Upande wa Bweyale kodi nafasi kwenye mnara uliopo, usijenge.

Chora njia kwenye Google Earth uone umbo la ardhi, kisha panda boda uufuate mstari huo kwa GPS ya simu, kwa sababu ramani haikuonyeshi miti vizuri. Angalia hasa mikalitusi. Ikipata udongo mzuri hupanda zaidi ya mita 2 kwa mwaka, kwa hiyo shamba lenye miche ya kufika kiunoni leo litakuziba kabla hujarudisha mtaji. Mwulize mwenye shamba anavuna lini, au sogeza mlingoti mita mia mbili pembeni. Dalili za mti unaokua kwenye njia: nguvu ya mawimbi inashuka dB (desibeli, kipimo cha nguvu hiyo) moja mbili kila baada ya miezi kadhaa, na inashuka zaidi mvua ikilowesha majani. Wengi hapo hubadilisha redio bure.

Kabla ya kupanda juu, piga hesabu ya unachotarajia. Kwa kilomita 11 hewa peke yake inakula karibu dB 128.5. Sahani za dBi 25 (ukuzaji wa antena) pande zote mbili na redio inayotoa dBm 20 (nguvu ya kurusha) zinakupa mapokezi ya karibu dBm -58 hadi -60; namba ikiwa karibu na sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Ukifunga ukapata -75, usikubali eti "inashika". Kuna uwezekano mkubwa umeelekeza sahani kwenye mwale dhaifu wa pembeni badala ya ule mkuu. Zungusha polepole kulia na kushoto mpaka uone vilele vitatu vya nguvu ya mawimbi, chagua cha katikati, halafu fanya hivyo hivyo juu na chini. Wa upande mmoja atulie huku wa upande wa pili akigeuza. Wote mkigeuza kwa pamoja hamtapata kitu.

Mlingoti wa kamba za chuma: seti ya kamba tatu kwa pembe ya digrii 120, kila baada ya mita 6 kwenda juu. Nanga ziwe umbali wa asilimia 60 hadi 80 ya urefu wa mlingoti, kwenye zege. Nguzo ya mti usiiguse, mchwa wa huku hawana subira.

Na usishawishiwe na redio za 60 GHz kwa njia hii. Mvua yetu ya alasiri inazikata.

HesabuKwanza

Mimi ningeanza na karatasi kabla ya boda. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013, kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) ni kosa. Mtu wa senta moja mara nyingi hupata unafuu kwa kuuza chini ya kampuni ambayo tayari ina leseni, mkataba ukisema kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kuuza upya. Laini ya nyumbani ya bei nafuu kwa kawaida inakataza hilo, na siku wakigundua wanakata bila kubisha hodi. Nenda UCC ukaulize hali yako inaingia daraja gani, na kama redio unazotaka kununua zimeidhinishwa. Kuhusu mlingoti, uliza pia wilayani na mamlaka ya usafiri wa anga. Ardhi ya mlingoti iandikishiwe mkataba, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwa shahidi, na njia ya kufikia mlingoti saa zote iandikwe humo.

Sasa laini. Muulize mtoa laini mambo manne: ni ya peke yako au ya kugawana, kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua, unapewa anwani ngapi za IP za umma, na trafiki ya ndani inapitia UIXP (kituo ambapo mitandao ya Uganda inakutana) pale Kampala au inazunguka Ulaya kwanza. Halafu uliza bei hiyo ni kabla au baada ya kodi. Kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, ule ulioanza Julai 2021 baada ya OTT (kodi ya mitandao ya kijamii) ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa, na kuna VAT ya asilimia 18. Zikipigwa moja juu ya nyingine, milioni 1 inakuwa 1,321,600. Biashara nyingi ndogo zinafia kwenye hiyo laki tatu ambayo haikuwa kwenye daftari.

Kasi ya kununua: wateja 40 wa mwezi wenye kifurushi cha Mbps 5 hawahitaji Mbps 200, lakini pia usinunue 20. Kadiria Mbps 1 hadi 1.5 kwa kila mteja saa za jioni, yaani 40 hadi 60, kisha pima mwenyewe kati ya saa moja na saa tano usiku na urekebishe. Video ya 480p inakula karibu Mbps 1, na jioni kila mtu yuko kwenye video.

Mfano wa hesabu, weka namba zako: laini, kodi zikiwemo, 2,600,000, nafasi kwenye mnara 300,000, fundi na mafuta 400,000. Hiyo ni 3,300,000. Kwa wateja wa 80,000 kwa mwezi unahitaji 42 wanaolipa, siyo 42 waliofungiwa. Kwa hiyo kabla ya kununua hata skrubu, pita na daftari, andika nani atalipa na kiasi gani, na uombe malipo ya kwanza ya ufungaji. Asiyetoa kitu leo usimhesabu. Shule na kituo cha afya wafuate mapema, wanatumia mchana wakati majumba yamelala, laini ile ile inafanya kazi mara mbili.

JuaKali_DC

Wenzangu wamesema ya hewani, mimi nasema ya chini, kwa sababu ndiko simu za saa nane usiku zinakotoka.

Tuseme mlingoti una redio ya kupokea, sekta tatu (antena za kurushia wateja, kila moja upande wake), swichi na ruta, jumla wati 40. Kwa siku ni 960 Wh. Unataka siku mbili bila jua: 1,920 Wh. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 3,840 Wh; betri mbili za 12V 200Ah kwa mfululizo zinakupa 4,800. Kwa lithiamu ya LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80, ya 24V 100Ah inatosha bila ziada. Paneli zipigie hesabu ya saa 4 za jua kamili, siyo 5, kwa sababu ya miezi ya mvua: 960 gawa kwa 4, gawa kwa 0.7 ya upotevu, ni karibu wati 343. Weka 400. Paneli na betri zichomelewe ndani ya chuma, kwa sababu zinaibiwa kabla ya redio.

Usiweke inveta. Inakula umeme saa 24 hata ikiwa haina kazi, na ndiyo ya kwanza kufa. Lakini usiunganishe redio moja kwa moja na betri pia: mfumo wa 24V ukiwa unachajiwa hufika 28.8V, na kuna redio ambazo kikomo chake kiko chini ya hapo. Katikati weka kibadilishi cha DC kinachotoa 24V isiyotikisika. Kontrola ya sola ikate mzigo betri ikifika kama 23V, irudishe ikipanda juu ya 25, la sivyo mfumo utawaka na kuzima usiku kucha. Na soma lebo za PoE (umeme unaopitia kebo ya mtandao). Ukichomeka redio ya 24V kwenye swichi inayosukuma 48V bila kuuliza, umeaga redio.

Radi. Eneo letu lina radi nyingi mno. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, hapo hapo Kiryandongo. Ukifunga antena kwenye paa la shule bila ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), umewawekea watoto chuma kinachoita radi. Ncha ya kukamata radi iwe juu ya redio zote, waya mnene wa shaba ushuke bila kona kali, fimbo ya shaba ya mita 1.5 hadi 2.4 izame ardhini, na upimaji usome chini ya ohm 10. Fimbo moja ikisoma 30 kwenye udongo wa changarawe, ongeza nyingine, umbali usiopungua urefu wa fimbo, uziunganishe. Muhimu: ethi ya mlingoti, ya sola na ya sanduku la ruta ziunganishwe ziwe moja. Zikikaa mbali mbali, radi ikipiga karibu tofauti ya volti inapita kwenye kebo yako ya mtandao kutafuta njia.

Kebo iwe ya nje, yenye ngao, ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei rahisi, ila inapoteza volti na inakatika kwenye kichwa. Jaribu kwa kisu: kwangua waya, ukiona weupe ndani, irudishe dukani. Chini ya redio acha kitanzi maji yadondoke, na ziba kila tundu la sanduku. Sisimizi na nyigu wanapenda joto la ruta.

SentaMpya

Asanteni sana. Nimeelewa kwamba nilikuwa naanzia mkiani. Bado mawili: vocha nizifunge kwa MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya simu ili watu wasigawane? Na nimesoma kwamba seva ya kuhifadhi kurasa inapunguza gharama ya laini.

MamaRuta

Seva ya kurasa achana nayo, huo ushauri ni wa zamani. Karibu kila kitu sasa kimefungwa kwa HTTPS (usimbaji wa kurasa), haiwezi kukihifadhi. Pesa hiyo nunulia betri.

MAC pia hapana. Android 10 na kuendelea, na iPhone za iOS 14 na kuendelea, hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na mteja akisahau mtandao huenda akarudi na nyingine, anakuja kugombana kwamba vocha imemwibia. Funga vocha kwa namba yake, kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Akiingia kwa cha pili, cha kwanza kitoke. Kwenye ruta za MikroTik, idadi ya vifaa kwa vocha inapangwa kwenye User Manager. Kurasa za malipo ya mobile money ziruhusiwe kabla ya kuingia, vinginevyo mtu hawezi kulipia kile anachotaka kukinunua.

Wateja wa mwezi waweke kwenye PPPoE, yaani kila mmoja aingie kwa jina na nenosiri lake. Ukiwaacha kwenye DHCP (ugawaji wa anwani wa moja kwa moja) ya wazi, siku mmoja atachomeka ruta yake kinyumenyume, ianze kugawa anwani zake, na nusu ya senta ipotee huku taa zote zikiwaka kijani. Vifaa vya wateja visionane kwenye sekta. Kwa foleni ya data tumia CAKE ya RouterOS 7 (programu ya ruta za MikroTik), ili mmoja akipakua sasisho la simu mwingine asikwame kwenye simu ya video.

Kwenye sekta tumia itifaki ya zamu (kila kifaa kinapewa muda wake wa kurusha), kama airMAX au NV2, usitumie wifi ya kawaida. Wateja wasiosikiana wanapigana kelele hewani. Chaneli ya MHz 20. Na mteja asiyepata angalau dBm -70 mkatalie au mwinulie bomba la antena. Ukimfunga kwa -78 kwa huruma, anashika muda wa hewani wa wengine wote, halafu wao ndio wanaokupigia.

FundiMlingoti

Naongeza kwa MamaRuta: kifaa cha juu ya paa kibaki mali yako, kiandikwe kwenye fomu, na mteja alipe ufungaji tu. Akiacha kulipa miezi miwili unakishusha na kumfungia anayefuata. Fomu hiyo ikiwa na namba za vitambulisho vya watu, unaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa hiyo isizagae dukani.

Na usifungue sekta tatu siku ya kwanza. Moja inayotazama maduka na shule, wateja 15, wiki nne za kupima jioni. Milioni 15 ikiishia yote kwenye vifaa, hutakuwa na ya kulipa laini mwezi wa pili na wa tatu, na hiyo ndiyo miezi ambayo wateja bado hawajafika 42.

HesabuKwanza

Tenga ya laini ya miezi mitatu kwanza, akaunti ya pembeni. Kinachobaki ndicho cha kununulia vifaa. Ukishafuata njia kwa boda, rudi hapa na umbo la ardhi na urefu wa miti, tutakupigia hesabu ya mlingoti.