Kayaki Kilwa hadi Songo Mnara, Agosti

Wakuu, habari. Tuko sita, tunataka kupiga kafi toka Kilwa Masoko, tulale kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kesho yake kisiwa cha Songo Mnara. Wawili hawajawahi kuingia baharini na kayaki. Nipangeje bahari ikichafuka?

Jibu: Mkuu, Agosti kusi, upepo utokao kusini, itawapiga usoni, Songo Mnara iko kusini. Ondokeni alfajiri, mchana upepo ukishakaza, wale wageni mikono itawaisha njiani. Na epuka bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana! Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, mtakwama kwenye tope la mikoko mkiburuta kayaki. Subirini maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo. Kodini pia boti ya injini iwafuate, kwa hao wawili hilo si la kujadili.

Jibu: Tazama utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) jioni, kisha asubuhi tena. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msitoke. Bakini Kisiwani, mtembee magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa taratibu.

Muulizaji: Nashukuru sana. Naongeza siku moja ya akiba, na mmoja akisema haendi, tunabaki wote.